Tusimsifu tu yaya, tumpe siku

Wenzetu vijana, na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunaomba mtusikilize kidogo. Mkija kutembelea familia ya wakimbizi yenye mtoto mwenye ulemavu, hapa Jinja au kule Mbale, kuna maswali ambayo tumeshayazoea. Mtoto anaendeleaje? Mama anaendeleaje? Dawa zipo? Kiti cha magurudumu bado kinatembea? Ni maswali mazuri, hatuna ugomvi nayo. Lakini pale mlangoni mara nyingi amesimama msichana wa miaka 12 au 13, amembeba huyo mtoto mgongoni, na yeye haulizwi kitu. Akibahatika anaambiwa, "Wewe ni mtoto mzuri, Mungu atakubariki." Halafu fomu inafungwa, watu wanaaga.

Ni hiyo sifa tunayotaka kuizungumzia.

Kwetu Kivu tunamwita dada mkubwa au kaka mkubwa "yaya". Ni jina la heshima. Ukifika Kenya au Tanzania ukasema yaya, wao wanaelewa mwanamke aliyeajiriwa kulea mtoto wa mtu. Wengi wetu tumechekwa kwa neno hilo. Lakini ukiingia kwenye nyumba tunazozisema hapa, maana zote mbili zimekutana kwa mtu mmoja. Ni yaya wa Kivu na ni yaya wa Nairobi, ila mshahara hakuna na siku ya kupumzika hakuna.

Anafanya nini? Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuchukua saa nzima kula uji, kwa sababu kumeza ni kazi, na ukimharakisha anapaliwa. Kuna kumgeuza asipate vidonda. Kuna kumwosha, kumbadilisha, kufua, na kabla ya kufua kuna kwenda kuchota maji. Mwenye mgongo wazi mara nyingi hawezi kukojoa mwenyewe vizuri, anahitaji kutolewa mkojo kwa mpira safi kila baada ya saa chache, mchana kutwa. Kama mama ameenda sokoni tangu asubuhi, mnafikiri nani anafanya hiyo kazi? Na kama huyo mtoto anasoma, nani anaitwa kutoka darasa lake mwenyewe kuja kumhudumia? Tunajua majibu, tunayaona kila siku Walukuba na Namatala.

Wazee wengine watatuambia tunavunja undugu. Watasema mtoto kumsaidia mdogo wake ni desturi, ninyi vijana mmeanza kuongea kizungu. Tunawajibu kwa heshima: desturi yenyewe hatukuikuta hivi. Kule nyumbani mtoto kama huyo alikuwa na bibi, shangazi, mama mdogo, na binamu ambao hata idadi yao hukuijua. Akitoka mgongo huu anaingia mgongo ule. Vita vimetukata. Tumefika hapa mama na watoto wanne, na yule mkubwa amerithi kazi ya ukoo mzima. Tena Jinja na Mbale siyo kambi. Aliyejipanga mwenyewe mjini hapewi posho ya mwezi wala kiwanja cha kulima, na kodi ya nyumba haingoji. Mzazi lazima atoke. Kwa hiyo desturi iliyobebwa na mikono kumi leo imewekwa kwenye mikono miwili midogo, halafu tunasema tunaitunza.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana sifa ni rahisi kutoa.

Hapo tunaomba tusieleweke vibaya, hasa na ndugu zetu wenye ulemavu wanaotusoma. Hatusemi mtu ni mzigo. Kazi ndiyo nzito, na kinachoifanya nzito ni vitu vingine: choo chenye ngazi, barabara ya matope ambayo kiti hakipiti, shule iliyo mbali, hospitali ya mji mwingine. Rekebisha hivyo na utaona yaya amebaki kuwa dada tu, anagombana na mdogo wake juu ya redio kama watoto wengine.

Hiyo hospitali ya mji mwingine tunaijua vizuri. Mbale ndiko iko CURE, hospitali ya watoto ambayo tangu mwanzo wa miaka ya 2000 inapasua watoto wenye maji kichwani na mgongo wazi. Watu wanatoka Uganda yote na hata nje ya nchi kuja pale. Daktari Benjamin Warf na wenzake waliendeleza pale njia ya kutibu maji kichwani bila kumwachia mtoto mpira ndani ya mwili maisha yake yote: wanafungua njia ya maji ndani ya ubongo kwa kifaa chenye kamera ndogo, na kupunguza sehemu inayotengeneza maji hayo. Leo madaktari wa nchi nyingine wanaitumia. Watu wa mashariki tunajivunia hilo, hata sisi wageni.

Lakini kutoka Jinja mpaka Mbale ni karibu kilomita 150 kwa njia ya Iganga na Tirinyi. Mama akipanda taksi na mtoto, hajui atarudi lini. Siku tatu, wiki mbili. Nyumbani Jinja nani anabaki na wadogo? Yuleyule. Na familia zinazokaa Mbale nazo siyo kwamba zimepona: jamaa wakisikia mtoto wao ana maji kichwani wanafikia kwao, nyumba ya chumba kimoja inakuwa ya wageni, na binti wa nyumba anapika kwa watu wanane.

Na mtoto akisharudi kutoka kupasuliwa, hatari haijaisha. Njia iliyofunguliwa inaweza kuziba, na aliyewekewa mpira, mpira nao unaweza kuziba. Dalili zinajulikana: anatapika bila sababu, analala kupita kawaida, analia kichwa, utosi wa mtoto mchanga unavimba, macho yanakuwa kama yanatazama chini tu. Hapo ni kurudi hospitali haraka, siyo kungoja Jumatatu. Sasa, nani yuko na mtoto saa nne asubuhi dalili ya kwanza ikitokea? Mama alifundishwa. Yaya, ambaye ndiye atakayeiona, hakuitwa kwenye hayo mafundisho. Hivyo hivyo kwa kifafa. Tumeona watoto wakijaribu kumwekea ndugu yao kijiko mdomoni kwa sababu ndivyo jirani alivyosema, wakati kinachotakiwa ni kumlaza ubavu, kuondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, na kutomtia chochote mdomoni. Kama tumekubali kumpa kazi ya muuguzi, basi hata mafundisho tunamnyima?

Kwenye hiyo barabara ya Mbale, sehemu za Iganga na Mayuge, watafiti wa Makerere na wenzao wa Sweden walihesabu watoto wenye mtindio wa ubongo nyumba kwa nyumba. Matokeo yalitoka mwaka 2017: karibu watoto 3 kwa kila 1,000. Baadaye wakatengeneza mpango unaoitwa Akwenda, wa kuwafundisha wazazi na walezi wa watoto hao na kuwapa vifaa. Kazi nzuri. Sisi tunaongeza hesabu moja tu. Kila mtoto aliyeandikwa pale ana nyumba, na kwenye nyumba nyingi za huku kuna ndugu wawili, watatu, watano.

Hesabu ya ndugu haipo hata kwenye makaratasi yetu ya ukimbizi. Mwenye ulemavu ana alama yake kwenye orodha ya UNHCR ya mahitaji maalum. Katika orodha hiyohiyo kuna kundi la mtoto mlezi, lakini maelezo yake yanamtazama mtoto aliyechukua nafasi ya mkuu wa nyumba, kwa mfano kwa sababu mzazi ni mgonjwa. Dada wa Walukuba ana mama mzima anayefanya kazi. Haingii humo. Anaandikwa namba tatu kwenye familia, basi.

Kuna kazi nyingine ambayo haionekani kabisa, ya ndugu wa viziwi. Katiba ya Uganda ya 1995 inataja kukuza lugha ya alama, na nchi inayo lugha yake ya alama. Lakini kiziwi aliyekulia Kongo hakujifunza hiyo. Nyumbani wameunda alama zao wenyewe, na anayezijua zote ni mdogo wake. Kwa hiyo mdogo wake anaenda naye kila mahali. Polisi, kliniki, ofisi. Fikiria kijana wa miaka 14 amekaa mbele ya daktari anatafsiri ugonjwa wa siri wa dada yake mkubwa. Dada hana siri tena, na kijana amebeba neno ambalo hakuna wa kumwambia. Hapo wote wawili wameumizwa, na tunasema, "Angalau amepata mtafsiri."

Tuseme pia juu ya hasira, maana ndugu wenyewe wanaogopa kuitaja. Unampenda mdogo wako na siku nyingine unamchukia, halafu usiku unajichukia mwenyewe. Shuleni wanakuita "wa ile familia ya laana". Ukikua, watu wanauliza kama ugonjwa huo uko kwenye damu kabla ya kukuposea. Marekani, mjini Seattle, tangu miaka ya 1980 Don Meyer na wenzake walianza kukusanya watoto wenye ndugu walemavu, wanacheza, wanapika, na katikati ya mchezo wanaambiana ukweli wao, mzuri na mbaya. Hakuna dawa pale. Ni kukutana tu na mwingine ambaye huhitaji kumweleza mwanzo wa habari. Kitu hicho hakihitaji mfadhili, kinahitaji mpira na mti wenye kivuli.

Sasa tunafika kwa viongozi wetu. Uganda imeonyesha kwamba kiti kinabadilisha mambo. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1997, mabaraza ya wilaya na ya chini yake yana madiwani wenye ulemavu, na Bungeni kuna viti 5 vyao. Viti hivyo ni vya raia, na ni vya wenye ulemavu wenyewe. Ndugu asivikalie, hata awe na mapenzi kiasi gani. Kaka yako ana mdomo wake, au alama zake, usimsemee. Lakini ndugu naye ana habari yake mwenyewe, na mahali pa kuipeleka papo. Kwenye LC1, makamu wa chairman ndiye mwenye kazi ya ustawi wa watoto. Ni wangapi kati ya viongozi wa jumuiya zetu, Wakongomani, Wasudani Kusini na wengine, waliowahi kubisha mlango wake kwa sababu ya msichana aliyeacha kwenda shule? Sheria ya wakimbizi ya 2006 inampa mtoto wa mkimbizi haki ya shule ya msingi sawa na mwenye nchi. Haki hiyo haina maana kama saa mbili asubuhi amekaa na bakuli la uji.

Tunachotaka viongozi wafanye ni kidogo na kinahesabika. Kila jumuiya iandike majina ya nyumba zenye mtu mwenye ulemavu, kwa ruhusa ya nyumba yenyewe, na mbele ya kila nyumba iandike jina la mtu mzima mmoja na siku moja ya wiki. Mama fulani, Jumanne. Siku hiyo yeye ndiye anayekaa na mtoto, na yaya anaenda shule bila kugeuka nyuma. Nyumba ikipata watu wawili, siku mbili. Mwaka wa P.7, mtoto anapojiandaa na PLE, ziwe siku zote tano, hata kama kanisa na msikiti itabidi wagawane. Na yule mama wa Jumanne afundishwe kwanza na mama mzazi namna ya kulisha na kubeba. Mwenye ulemavu naye aulizwe kama anamkubali, kwa sababu ni mwili wake. Kazi ya mpira wa mkojo haiachwi kwa mgeni yeyote hivihivi.

Na wavulana waingie kwenye zamu. Tumechoka kusikia kwamba kaka hawezi kumlisha mtoto.

Kwa ninyi wa mashirika tuna maombi mawili. Kwenye fomu yenu ongezeni swali moja: nani anakaa na mtoto mchana, na ana miaka mingapi? Halafu mkifanya mafunzo ya walezi, yawekeni Jumamosi, mruhusu ndugu waje, na chai yao iwepo.

Sisi kwenye kikundi tumeshaanza na nyumba nne Jinja na mbili Mbale. Jumanne inafuatwa, Alhamisi bado inasuasua kwa sababu ni siku ya soko. Na kuna jambo ambalo hatujakubaliana: kama mtu wa zamu apewe nauli ya boda au la. Wengine wetu wanasema ukiweka pesa, siku pesa ikiisha zamu imekufa. Wengine wanasema anayetoka Bugembe kuja Walukuba hawezi kutembea kila wiki, naye ana watoto wa kulisha. Mwenye mawazo ayalete.