Majina ya Wapagazi
Na Hamisi Kitwana

Kila mji wa nchi hii una Mzungu wake. Alifika siku moja, akauliza hapa panaitwaje, mwenyeji akadhani anaulizwa habari za ng'ombe au mvua, akajibu alivyoelewa, na Mzungu akaandika jibu kuwa ndilo jina. Huyo Mzungu namtilia shaka. Si kwamba wageni hawakukosea kuandika, walikosea sana, ila haiwezekani kisa kimoja kizae majina ya nusu ya nchi. Na kabla hajafika, wenyeji walikuwa wakisema wanatoka wapi?

Yapo majina yanayopimika. Chukua Kariakoo. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwanyang'anya Wajerumani Dar es Salaam, na eneo hilo la mji likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Waingereza wenyewe hawazitamki zile herufi mbili za mwisho, ndiyo maana hatukupata "Kariakopsi". Waliotuachia jina hili hawakulisoma popote. Walilisikia, na bila shaka wengi wao waliitwa kwalo. Ushahidi wa pili uko Nairobi, ambako Kariokor nako palikuwa na wapagazi wa vita ileile. Miji miwili, jeshi moja, sauti ileile: mtafiti wa maneno hapati bahati kama hiyo kila siku.

Wapagazi hao walihitajika kwa sababu mbung'o waliwamaliza farasi na wanyama wa mizigo. Basi watu wakabebeshwa risasi, unga na majeruhi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi alipewa soko la Kariakoo, tena bila kukusudia.

Bagamoyo ni kesi ngumu zaidi. Tumezoea kuambiwa kuwa ni "bwaga moyo": mtumwa aliuacha moyo wake pale kabla ya kupandishwa jahazi. Watumwa walipita Bagamoyo, hilo halina ubishi, na mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 waliwakomboa baadhi yao. Lakini katika karne ya 19 lango kuu la watumwa kwenye mrima huu lilikuwa Kilwa. Bagamoyo iliishi kwa pembe za ndovu na misafara, na waliobeba pembe hizo walikuwa hasa wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi kutoka bara. Kubwaga ni neno la kazi yao. Mtu hubwaga mzigo, na akifika pwani hubwaga na moyo, akala, akacheza ngoma, akapumzika. Nakubaliana na wanahistoria wanaolisoma jina hivyo. Ile maana ya huzuni imeshika kwa sababu inauzika kwa watalii, na nadhani pia kwa sababu kwetu msiba una heshima kuliko ujira wa mchukuzi.

Majina yasiyo na kisa ndiyo yanayoaminika zaidi, na hakuna anayeyagombea. Mbuyuni palikuwa na mbuyu. Mikocheni palikuwa na mikoche, ingawa wakazi wengi wa leo hawajawahi kuuona mkoche. Mnazi Mmoja iko Dar es Salaam na iko Unguja, na hakuna haja ya kumtafuta Mzungu.

Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima ilibandikwa vibao vya anwani za makazi. Barabara nyingi zilipewa majina kwa haraka, mengine kikaoni, mengine kwa kumuuliza mzee aliyekuwa karibu. Sababu za majina hayo bado zinajulikana, kwa kuwa walioyatoa wangali hai. Mwenyekiti wa mtaa tayari ana daftari la wakazi. Aongeze ukurasa mmoja: jina la barabara, aliyelipendekeza, na kwa nini. Vinginevyo, miaka hamsini ijayo wajukuu zetu watamtafutia kila barabara Mzungu wake.