Aliyesimamishwa Katikati

Leo nina neno na wakubwa wa Karagwe na Kyerwa. Nawaita wote: wachungaji na mapadre, makatekista na wainjilisti, wazee wa kanisa, wenyeviti wa jumuiya, walimu, wenye digrii, wenye maduka ya Kayanga na Omurushaka, wenye malori ya ndizi na maghala ya kahawa kule Nkwenda na Kaisho. Bwana wetu alipowaambia watu kwamba bila kugeuka na kuwa kama watoto hawataingia katika ufalme wa Mungu, hakuwa akisema na watoto. Alikuwa akisema na watu wa aina yenu.

Someni wenyewe. Marko, katika sura ya 9, anaeleza kwamba Thenashara walikuwa wamebishana njiani ni nani mkubwa kati yao. Walipofika nyumbani Kapernaumu wakaulizwa walichokuwa wakibishania, wakanyamaza, kama wanavyonyamaza watu wazima waliofumaniwa. Ndipo Yesu akamtwaa mtoto, akamsimamisha katikati yao. Mathayo naye, katika sura ya 18, anaileta habari hiyo kama jibu la swali la vyeo. Sisi tumeichukua hotuba ya wakubwa tukawasomea wadogo. Tunamwambia mjane mwenye shamba la maharage, kijana wa bodaboda, binti wa kwaya: uwe kama mtoto. Maana yake nyamaza, tii, toa sadaka, usiulize. Ibada ikiisha, wenye viti wanabaki na viti vyao vile vile.

Kosa hili limeota katika malezi. Kwetu mtoto akiamkia wakubwa hupiga magoti. Akipewa kitu hupokea kwa mikono miwili. Mgeni akija, mtoto ndiye hutumwa kumletea kahawa ya kutafuna. Humpa, hurudi nyuma, hutoka nje, na mazungumzo yanaanza akiwa ameshaondoka. Akichelewachelewa mlangoni ataambiwa sikio halipiti kichwa. Sina ugomvi na magoti wala na mikono miwili, ni adabu njema na wajukuu wetu watapata hasara wakiiacha. Ugomvi wangu ni na huko kuondoka. Mtoto wa Kapernaumu hakutolewa nje ili wakubwa wazungumze. Aliitwa ndani, na wakubwa ndio waliotakiwa kunyamaza na kumtazama.

Watazame nini kwake? Si usafi wa moyo. Anayesema watoto hawana hila hajapata kulea; na amwulize mama yeyote ni nani aliyelamba sukari, asikie uongo unavyotiririka. Wala si ujinga, maana Paulo aliwakaripia Wakorintho waliodhani imani ni kuwa na akili za kitoto. Kinachobaki ni kwamba mtoto hana cheo cha kulinda. Kwa sababu hiyo haoni haya kuuliza asichokijua, na akipewa kitu hapigi hesabu kama anastahili kupewa. Mtu mzima huogopa kuuliza asije akaonekana mjinga, na huogopa kupokea asije akaonekana maskini. Imani ya Kikristo imejengwa juu ya hayo mawili. Neema ni kitu cha kupokelewa, na Maandiko ni kitu cha kuulizwa. Aliyefunga milango hiyo anaweza kuwa kiongozi hodari wa kanisa kwa miaka arobaini na asiwe mwanafunzi wa Yesu hata siku moja.

Wala msidhani moyo huo ni mgeni katika nchi hii. Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mukama Rumanika wa Karagwe. Speke ameandika katika kitabu chake cha safari baadhi ya maswali aliyoulizwa. Mfalme alitaka kujua kama jua la leo ndilo lile lile la jana, au kila siku huja jua jipya. Na mwezi je, hubadili uso wake ili kutucheka sisi wanadamu? Haya yaliulizwa na mwenye ngoma na mwenye ng'ombe wasiohesabika, mtu aliyeamkiwa kwa magoti. Angeweza kunyamaza na kujifanya anajua. Speke naye, kwa siku zile zile, alichukua utepe akampima mwanamke mnene wa jamaa ya kifalme, mkono, kifua na paja, akaandika vipimo hivyo kitabuni. Tumtendee haki: na yeye alikuja kuuliza, maana alikuwa akitafuta chanzo cha Nile. Ila kwa yule mwanamke hakuwa na swali, alikuwa na kipimo tu. Rumanika hakuwa Mkristo. Wamisionari wa Afrika walifika Kashozi 1892, zaidi ya miaka 30 baadaye. Lakini kama mfalme asiye na katekisimu aliweza kuuliza habari za mwezi bila aibu, mzee wa kanisa mwenye Biblia kwapani anashindwaje kusema, 'Mstari huu siuelewi, nani anisaidie?'

Wale wanaokumbuka uamsho wanalijua jambo hili kwa karibu. Ng'ambo ya Mto Kagera, katika Rwanda ya jirani zetu, kuna Gahini, mahali penye hospitali ya misheni. Daktari wa pale, Joe Church, msomi wa Cambridge, alifika Kampala mwaka 1929 akiwa amechoka moyo. Huko mlimani Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakakaa na Biblia na maombi, wawili hao. Fikirini zama zenyewe. Ilikuwa enzi ya ukoloni, Mzungu akiitwa bwana mkubwa hata na wazee waliomzidi umri. Daktari yule alikubali kuwa mwanafunzi pamoja na Mwafrika. Kutoka kwa urafiki huo, na hasa baada ya kifo cha Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, Januari 1936, moto ukasambaa Uganda na kuvuka mpaka hadi upande wetu wa Kagera. Watu wa uamsho huo, walioitwa Walokole, wakasimama mbele za watu kutaja dhambi kwa majina yake: jembe la jirani, mke wa mtu, chuki ya mpaka wa shamba. Waliokuwa wameiba wakarudisha. Mchungaji aliungama mbele ya muumini wake, na mume mbele ya mkewe. Mtu mwenye cheo cha kulinda hawezi kufanya hivyo.

Hata hivyo uamsho nao ulipata wakubwa wake. Baadhi ya walioungama jana waligeuka mahakimu leo, wakipima nani ameokoka na nani bado, na ushuhuda ukawa maneno ya kukariri. Nalisema hili kwa heshima, maana katika imani yangu nawadai watu wale kidogo na kuwiwa nao sana. Unyenyekevu ukishapewa cheo unakwisha.

Sasa nasikia pingamizi, tena pingamizi la haki. Mtasema: watu waliokuwa kama watoto ndio wanaodanganywa. Mtanikumbusha Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, ambako watu huzungumza lugha isiyompotea sana Mnyambo wa Karagwe. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi waliteketea ndani ya jengo lao. Mtanitajia na Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu, na watoto wakiwamo.

Ni kweli, na ndiyo hoja yangu. Angalieni kundi lile la Kanungu liliishije: mazungumzo yalibanwa, watu wakaelezana kwa ishara za mikono, ati wasije wakashuhudia uongo. Huo si utoto. Nionesheni mtoto wa miaka mitano anayekaa wiki nzima bila kuuliza kwa nini. Mtoto angeuliza: mbona viongozi hawafungi kama sisi? Mbona tunauza ng'ombe wote? Waliokufa hawakuangamizwa na wepesi wa kuamini peke yake. Waliangamizwa pia na mkubwa asiyeulizwa. Anayewaambia kondoo wake wawe watoto, huku yeye mwenyewe amejitenga na utoto huo, muogopeni, hata kama anahubiri vizuri.

Turudi nyumbani, kwenye mambo madogo, kwani huko ndiko tunakoanguka. Nje ya kanisa, ibada ikishatoka, kuna mnada. Wote mnaujua: mkungu wa ndizi, miwa, bakuli la maharage, kuku aliyefungwa miguu. Mtoto ameleta yai moja, amelishika kwa viganja vyote viwili tangu kwao. Mnadi analiinua juu. Shilingi 500. Elfu moja. Bwana mmoja mwenye gari anapaza sauti, elfu ishirini! Vigelegele. Jina la bwana yule linatajwa, linarudiwa, anaombwa asimame apungie watu mkono. La mtoto halikutajwa, naye yumo katikati ya miguu ya watu wazima akichungulia yai lake linakokwenda. Sisemi tajiri asitoe, usharika unahitaji bati na saruji. Nasema siku hiyo tumejibu swali la Thenashara kinyume na Bwana alivyolijibu, tena kwa makofi.

Na zile elfu ishirini zimekwenda wapi? Kijana akisimama kwenye mkutano akauliza, huambiwa anawadharau wazee. Wakubwa, mkumbukeni Eli. Kuhani mzee, macho yamefifia, na neno la Bwana linampita yeye na kumwendea kijana anayefungua milango ya hekalu. Asubuhi Eli ndiye aliyemwita Samweli na kumsihi asimfiche hata jambo moja. Habari zenyewe zilikuwa hukumu juu ya nyumba yake Eli na wanawe walionyang'anya sadaka. Alizipokea. Kwa mengine Eli alikosea, hasa katika kuwalea wanawe, lakini katika hili amewapita wenyeviti wengi. Waswahili husema mkubwa ni jaa. Maana yake uchafu wa lawama utamwagwa kwako na utaubeba. Sijasikia jaa likijibu kwamba limedharauliwa.

Apolo naye alikuwa msemaji hodari, mwenye kuyajua Maandiko, akakubali kuchukuliwa kando na Prisila na Akila, washona mahema, wamweleze njia ya Mungu vizuri zaidi. Mwalimu akifundishwa na mafundi, mwanamke akiwa mmoja wao! Ni wangapi kwetu wangekubali?

Basi yapo ya kufanya, na hayahitaji fedha. Siku ya Mikaeli na Watoto katika sharika za KKKT, na siku ya Watoto Mashahidi kwa ndugu zetu Wakatoliki wenye Utoto Mtakatifu, watoto wetu hukariri mistari na kuimba, kisha mtu mzima huwahubiria. Mwaka huu geuzeni. Wazee wa kanisa wakae mbele, watoto waulize maswali, na mzee asiyejua jibu aseme hajui. Katika darasa la kipaimara, mwalimu asimchape wala asimcheke aliyeuliza Mungu aliumbwa na nani. Mnadi ataje jina la aliyeleta yai kabla ya jina la aliyelinunua. Na mnada ukiisha, kitabu cha mapato kifunguliwe mezani pale pale nje, na mtoto wa darasa la sita anayejua kujumlisha apewe kalamu aikague hesabu, mhazini akiwa amesimama pembeni tayari kumjibu.