Kidole gumba si jambo dogo

Mjini Uvira, mtu akipoteza kidole gumba kwa risasi, kwa panga au kwa mashini ya kusaga muhogo, majirani humfariji hivi: "Shukuru Mungu, uko hai." Ni neno la upendo. Lakini linafunga mazungumzo mapema mno. Kidonda kikipona, kila mtu huona kazi imekwisha.

Haijaisha. Mkono usio na gumba haushiki jembe sawasawa, hauvuti wavu wa ndagala, haufungi kifungo cha shati la mtoto. Madaktari wa mikono hukadiria kwamba gumba peke yake hubeba karibu asilimia 40 ya kazi ya mkono mzima. Familia iliyoshuka kutoka milima ya Fizi, au iliyokimbia tambarare ya Ruzizi na kuacha shamba na ng'ombe, imebaki na mtaji gani zaidi ya mikono?

Njia ya kurudisha gumba ipo, tena ni ya zamani. Mwaka 1898, mpasuaji wa Austria, Carl Nicoladoni, alitengeneza gumba kwa kidole cha mguu: mkono ulifungwa kwenye mguu kwa majuma kadhaa mpaka nyama ikashikamana, ndipo kidole kikatenganishwa na mguu. Mateso, ndiyo, lakini kidole kilishika. Katika miaka ya 1960 mikroskopu ikaanza kutumika kushona mishipa midogo ya damu. Wachina wa Shanghai mwaka 1966, na John Cobbett huko Uingereza mwaka 1968, walihamisha kidole cha mguu kwa operesheni moja, wakishona mishipa ya damu kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Na mgonjwa, akishapona na kuzoea, hutembea.

Wapo watakaouliza mikroskopu hiyo itatoka wapi katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga. Wana haki. Operesheni hiyo huchukua saa nyingi, kisha wauguzi hukesha wakiangalia rangi ya kidole. Kuahidi kwamba itafanyika Uvira mwezi ujao ni kuwadanganya watu waliokwisha kudanganywa vya kutosha.

Hata hivyo kuna njia za katikati. Kidole kinachofuata gumba kinaweza kusogezwa kikae mahali pake. Kisiki cha gumba kinaweza kupewa nafasi kwa kuchimba ngozi iliyo kando yake, kikaweza tena kubana kitu. Kuchimba huko hakuhitaji mikroskopu. Kunahitaji daktari aliyefundishwa, na mazoezi ya mkono baadaye.

Hapo ndipo jimbo na mashirika yanayoleta wapasuaji wa majeruhi wa vita yanapaswa kubanwa: wakiondoka, wanamwachia nani ujuzi? Afrika Mashariki haikosi walimu. Januari 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ilimrudishia kijana wa miaka 17 mkono uliokatwa na mashini ya majani ya ng'ombe. Daktari mmoja wa Kivu Kusini akitumwa kujifunza kwa watu kama hao, gharama yake si kitu mbele ya magari yanayopita kila siku barabara ya Uvira.

Ndugu wa majeruhi nao wana la kuomba kabla ya kisu: mfupa usifupishwe kupita lazima, maana kila sentimita itahitajika siku ya kutengeneza. Waliokatika miaka iliyopita wasijitoe. Kidole cha mguu huhamishwa hata kwenye mkono uliopona zamani. Wareko wa afya waanze kuwaandika majina, kambi kwa kambi.