Deni, Akiba na Furaha: Kijana Ampe Kila Mwenye Haki Haki Yake

Kila sifa njema ni ya Allah (Subhaanahu Wataala), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, mwisho wa mwezi ulikuwa ukingojewa kwa hamu na kila mwenye ajira. Leo kwa vijana wengi tunaosimama nao safu moja msikitini, mwisho wa mwezi umekuwa siku ya kuzima simu. Mshahara unaingia asubuhi, na kabla ya Alasiri umekwisha gawanywa na watu wengine.

Tuchukue mfano. Kijana amehitimu chuo kikuu, akapata kazi ya mshahara wa msingi wa shilingi 600,000. Alisoma kwa mkopo wa Bodi, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 ilipandisha makato ya Bodi hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hapo zinaondoka 90,000. Ukitoa mchango wa hifadhi ya jamii na kodi ya serikali, kinachomfikia mkononi ni laki nne na ushei. Katika hizo mna kodi ya chumba, ambayo mwenye nyumba huitaka ya miezi mitatu au sita kwa mpigo. Mna nauli, chakula, wazazi, mdogo wake aliye shuleni, na kadi za michango ya harusi. Na yeye mwenyewe ni kijana. Anataka kuoa, anataka kuvaa vizuri, anataka siku moja aende ufukweni na wenziwe akale samaki.

Akitaka ushauri, atausikia mwingi. Mmoja atamwambia ponda mali, kufa kwaja. Wa pili atamwambia akiba haiozi. Wa tatu atamkumbusha kuwa dawa ya deni ni kulipa. Kila mmoja amevuta upande wake, na kijana amebaki katikati hajui aanze na lipi.

Uislamu haukumwacha hapo. Imam Bukhari amepokea kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.). Salman alimzuru ndugu yake huyo, akaona ameiacha dunia kabisa: mchana amefunga, usiku anasali, na mkewe amesahauliwa. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki. Basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.), alithibitisha kuwa Salman amesema kweli.

Hii ndiyo kanuni ya maudhui yetu. Deni ni haki ya aliyekukopesha. Akiba ni haki ya kesho yako na ya wale wanaokutegemea. Furaha ya halali ni haki ya nafsi yako na ya mkeo. Hakuna moja kati ya hizi inayofutwa na nyingine, ila hazilingani daraja.

Deni ni mali ya mwenzako

Daraja la kwanza ni la deni, kwa sababu fedha ya deni, hata ikiwa mfukoni mwako, mwenyewe ni mwingine. Imepokewa na Muslim kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Na katika Bukhari imo habari ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (s.a.w.), akaambiwa kuwa maiti anadaiwa dinari tatu na hakuacha kitu. Akawaamuru Masahaba wamsalie wao. Hakumsalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitwisha deni lile.

Mama wa Waumini Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) akikithirisha kujikinga kwa Allah na deni ndani ya Sala. Alipoulizwa sababu, alibainisha kuwa mtu akidaiwa husema akadanganya, na huahidi akavunja ahadi. Tazameni, ndugu zangu: deni linaanza mfukoni, linaishia ulimini. Kijana aliyekuwa mkweli miaka yote ya madrasa, leo anamwambia mdai wake kuwa yuko safarini, ilhali yuko chumbani amejifungia.

Hata hivyo madeni hayako sawa, na wanazuoni wa fiqhi wametofautisha. Kuna deni lililofika muda wake, na kuna deni la muda maalumu ambalo halijafika. Deni la Bodi, kwa mfano, hulipwa kwa makato ya kila mwezi. Anayekatwa ipasavyo hayuko katika dhulma, na hana dhambi akiweka akiba huku akiendelea kulipa. (Ile ada ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo huo, ambayo sura yake ilikuwa ya riba, iliondolewa mwaka 2021, na kwa hilo tunamshukuru Allah.) Lakini deni lililofika muda wake, na mdaiwa anacho cha kulipia, kulichelewesha ni dhulma kwa mujibu wa Hadithi ya Bukhari na Muslim. Huyu asiseme anaweka akiba. Anaweka mali ya mtu.

Tunavyoiua karadha njema

Hapa pana ugonjwa ambao lazima tuutaje, japo unauma. Je, ni nani kijana huyu anayemlipa mwanzo? Bodi inakata yenyewe. Wakopeshaji wa mtaani, wale ambao watu wenyewe wamewapachika jina la "kausha damu", anawalipa kwa hofu, kwa kuwa watakuja kubeba televisheni na godoro mbele ya majirani. Wakopeshaji wa kwenye simu anawalipa kwa kuogopa aibu, maana wako waliowatumia ujumbe ndugu na jamaa wa wadaiwa kuwatangaza. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Anayebaki mwisho wa foleni ni nani? Ni mwenye duka aliyemwandikia unga na mafuta kwenye daftari. Ni ami yake aliyempa laki mbili alipouguliwa na mama. Ni Muislamu mwenzake wa safu ya mbele aliyemkopesha kwa ajili ya Allah, bila hata senti ya ziada. Hawa hawabebi godoro wala hawatangazi mtu, ndiyo maana wanacheleweshwa mwaka na miaka.

Matokeo yake tunayaona. Aliyekopesha kwa wema akadhulumiwa hakopeshi tena. Kijana mwingine, mwaminifu, akipata dharura anabisha hodi kwa ndugu zake, anaikuta milango imefungwa. Anakwenda kwa kausha damu, anapewa 100,000 arudishe 130,000 mwisho wa mwezi. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Akiizungusha mwaka mzima, atakuwa ametoa 360,000 za ziada na asili ya deni bado iko palepale. Tunawalaani wala riba juu ya mimbari, na sisi wenyewe ndio tunaowapelekea wateja kwa kutolipa karadha za ndugu zetu.

Mtume wetu (s.a.w.) aliwahi kukopa ngamia mdogo, na wakati wa kulipa akatoa aliye bora zaidi kwa hiari yake, bila kushurutishwa. Akafundisha kuwa mbora wa watu ni yule aliye mwema zaidi katika kulipa. Basi, ewe kijana, aliyekukopesha bila riba umlipe kabla hajakuuliza. Na ukikosa kabisa, mwendee umweleze ukweli kabla siku haijafika. Naye mdai aikumbuke aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayoamuru mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kubainisha kuwa kumsamehe ni bora zaidi.

Akiba si ubakhili

Wako wanaodhani kuwa kuweka akiba ni kupungukiwa na tawakkul. Dhana hii haina msingi. Nabii Yusuf (a.s.) aliwaelekeza watu wa Misri wahifadhi nafaka ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida. Na imethibiti kuwa Mtume (s.a.w.) akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Kaab bin Malik (r.a.), alipotaka kuitoa mali yake yote kwa furaha ya kukubaliwa toba yake, alielekezwa abakishe sehemu.

Akiba ya kijana, hata iwe shilingi 20,000 kwa mwezi, ni ngome baina yake na riba. Aghalabu watu hawaendi kwa kausha damu kwa ajili ya anasa. Huenda kwa ugonjwa, msiba au kodi ya nyumba, na kodi ya nyumba haiji kwa ghafla. Tarehe yake inajulikana. Mwenye kutenga kila mwezi sehemu ya kodi amejifungia mlango mkubwa wa haramu. Upatu wa watu waaminifu, ambao kila mmoja hutoa na kupokea kiasi kilekile bila nyongeza, wanazuoni wengi wa zama hizi wameujuzisha. Na tangu mwaka 2011 nchi yetu ina benki nzima iliyoanzishwa kwa misingi ya sharia. Mwenye akiba iliyofika nisabu ikapitiwa na mwaka asisahau Zaka yake, asilimia 2.5.

Furaha ni haki, haikopwi

Sasa je, kijana anayedaiwa anyimwe raha? La hasha. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31 na 32, Allah ameamuru kula na kunywa bila israfu, na akawakemea wanaoharamisha mapambo aliyowatolea waja Wake. Na katika Suratul Furqaan, aya ya 67, amewasifu wale ambao matumizi yao yako kati kwa kati, si israfu wala ubakhili.

Tumtazame Jabir bin Abdillah (r.a.). Baba yake aliuawa shahidi Uhud, akamwachia kijana yule deni la tende na dada kadhaa wa kulea. Akaoa mwanamke mtu mzima. Mtume (s.a.w.) alipojua, alimuuliza mbona hakuoa mwanamwali wakacheza na kufurahishana. Jabir akaeleza kuwa alitaka mwenye kuwaangalia dada zake. Zingatieni: kijana ana deni na mzigo wa familia, na bado Mtume wa Allah anamuuliza kuhusu furaha yake! Wala hakuishia kwenye maneno. Alimnunua ngamia wake njiani, na walipofika Madina akampa thamani yake na kumrudishia ngamia. Aliwaombea wadai wapunguze, na walipokataa, alikwenda mwenyewe shambani na kuomba baraka. Wadai wakalipwa haki yao yote, na tende zikabaki.

Jabir hakuhalalisha kuwadhulumu wadai kwa kisingizio cha ujana, wala deni halikumzuia kuoa. Furaha ya halali si lazima iwe ya gharama. Kutembea na mkeo jioni, kucheza mpira na vijana wa mtaa, kula chakula kizuri siku moja ya wiki, kuwazuru jamaa, haya hayahitaji mkopo. Kinachohitaji mkopo, mara nyingi, ni macho ya watu: simu mpya ilhali ya zamani inapiga na kupokea, au ukumbi wa usiku mmoja unaolipwa kwa miezi kumi na minane.

Jukumu letu sisi wakubwa

Haitakuwa insafu kumlaumu kijana peke yake. Wazee wetu, mawalii wa mabinti, mnapodai sherehe ya kumwaga watu mia tatu kabla ya nikahi, mnamsukuma mkweo kwa wala riba kabla hajamwingiza binti yenu ndani. Mtume (s.a.w.) alifanya walima ya Safiyya (r.a.) kwa tende na vyakula vyepesi, na ndoa ikabarikiwa.

Maimamu na kamati za misikiti, fungu la wenye madeni limo katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, miongoni mwa mafungu manane ya Zaka. Katika misikiti yetu mingapi fungu hili linatolewa? Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila kamati ya Zaka iwatafute wadaiwa wasiojiweza, walioingia madeni kwa haja ya halali, na iwalipie. Pili, kila msikiti uanzishe mfuko wa karadha njema, wenye daftari, mashahidi na tarehe ya kulipa, kama inavyofundisha aya ya 282 ya Suratul Baqara. Mfuko huo utasimama ikiwa tu kila anayekopa atarudisha, ili ndugu yake wa nyuma apate.

Nawe kijana, usiku wa leo kaa na kalamu. Andika kila unayedaiwa naye, kiasi na tarehe, karatasi hiyo iwe sehemu ya wasia wako. Ukipata pato, toa chakula na makazi, kisha deni lililofika muda, kisha akiba japo ndogo, kisha ujifurahishe kwa kilichobaki bila kumwonea haya mtu yeyote, kwani hicho ndicho chako.

Tunamuomba Allah atutosheleze kwa halali Yake tuepukane na haramu Yake, awalipie wenye madeni, na azijaze nyumba za vijana wetu utulivu na mapenzi. Amin.

Wabillahi Tawfiq.