Giaboksi Haifumuliwi Mchangani

IKO kasumba moja inayoendelea kututafuna katika gereji zetu. Ni kasumba ya kukionea haya chombo tulichokitengeneza wenyewe, huku tusione haya hata kidogo kufanya kazi bila ya chombo chochote. Anayetaka ushahidi na aende Tunduma.

Tunduma ni lango la nchi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huishia hapo, na hatua chache mbele ni Nakonde ya Zambia. Kila siku hupita hapo malori yaendayo Zambia na Kongo, pamoja na magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo mengi yana giaboksi ya otomatiki. Magari ya namna hiyo yamejaa pia Vwawa, Mlowo na vijiji vya Mbozi. Yanapoharibika, mafundi wetu ndio wanaoitwa. Basi tujiulize: wanayatengenezea juu ya nini?

Jibu ni la kusikitisha. Mara nyingi giaboksi hushushwa, ikalazwa juu ya tairi kuukuu, na kijana anayejifunza kazi huamriwa aibane kwa magoti fundi mkuu anapoifumua. Giaboksi ya otomatiki haitendewi hivyo. Ndani yake mna sahani za klachi zilizopangwa kwa utaratibu, na mna vali ndogo ndogo zinazoelekeza oili katika njia nyembamba. Chembe ya mchanga yatosha kukwamisha vali. Vali ikikwama, klachi haibani sawasawa. Huteleza, hupata moto na kuungua. Mwenye gari aliyelipa leo hurudi baada ya muda mfupi kulipa tena, na lawama huwaangukia Wajapani!

Kuna na hasara kubwa kuliko ya fedha. Giaboksi ya gari dogo huweza kufikia kilo 80. Ikiponyoka, vidole vya kijana vimekwenda. Wengi wa vijana hao hawana mkataba wa kazi wala bima. Akiumia, hurudi kwao na mkono uliofungwa kitambaa, na nafasi yake hushikwa na mwingine siku ya pili.

Wapo watakaosema kwamba stendi ya kushikia giaboksi ni chombo cha gereji kubwa, na hununuliwa ng'ambo. Huo ni uvivu uliovishwa joho la umaskini. Stendi hiyo yaweza kuchomelewa papa hapa: miguu mipana ya vyuma vya pembe ili isipinduke, nguzo imara, na juu yake habu ya gurudumu la gari lililokufa ili kichwa cha stendi kizunguke. Kwenye habu hufungwa mkono wa chuma unaoshika matundu ya bolti ya pembeni tu, mdomo wa giaboksi ukaachwa wazi, kwa sababu pampu na klachi hutokea hapo. Fundi huugeuza mdomo juu anapotoa klachi, kisha hugeuza tumbo juu anapofungua vali. Chini huwekwa karai la kukingia oili. Matundu hupimwa kwa kipande cha boksi kilichokandamizwa kwenye giaboksi yenyewe. Katika yote hayo, cha kuagiza ng'ambo ni kipi?

Wengine watatukumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Ni kweli. Lakini asiye na jembe kabisa, akachimba kwa kucha, naye si mkulima.

Wengine tena watadai kwamba chombo cha kuchomelea ni cha hatari. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Stendi isiyo na pini ya kufungia itageuka ghafla na kumpiga mtu. Weldi mbovu itaachia. Lakini dawa ya weldi mbovu ni weldi nzuri, haiwezi kuwa goti la mtoto wa mwenzio. Stendi na iwe na pini, na kabla ya kutumika itundikwe mzigo mzito kuliko giaboksi, ulale hapo usiku kucha. Ikistahimili, ndipo iaminiwe.

Huko Mbozi watalii huja kutazama Kimondo, chuma kilichoshuka kutoka angani. Ni vyema waje. Lakini Wanyiha wa Mbozi na jirani zao Wafipa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe kabla mkoloni hajatia mguu. Leo wajukuu wao huuza vyuma chakavu kwa kilo, habu na nguzo zikiwa humo humo, kisha hukaa wakingoja stendi iletwe na meli. Hii ni aibu.

SIDO ilianzishwa mwaka 1973 ili kuviinua viwanda vidogo, na VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili kuwafunza vijana ufundi. Vyombo hivyo havina budi kuliangalia jambo hili. Kijana anayejifunza kuchomelea na kazi yake ya mtihani iwe stendi itakayotumika gerejini, badala ya vipande vinavyounganishwa na kutupwa. Mwenye gereji aone haya kumkabidhi kijana giaboksi mikononi. Na mwenye gari, kabla ya kutaja bei, aulize: "Fundi, utaifumulia juu ya nini?"

Swali hilo likiulizwa na wateja kumi, stendi zitachomelewa Tunduma kabla ya mwezi kwisha.