Programu Ipi Ipige Simu?

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu nitoe maoni kuhusu ule ubishi wa chumba cha kompyuta, ambao umetukosanisha muhula mzima.

Wapo wasemao eti kupiga simu ili uingie kwenye intaneti ni hadithi za kale, kwani nyaya za baharini zilitua Mombasa mwaka wa 2009. Sawa. Lakini kile kimodemu cha USB tulichopewa na mzazi mmoja, ukikichomeka kwenye kompyuta yetu ya Linux, bado hupiga *99# kama vile modemu za zamani zilivyopiga nambari kwa waya wa simu. Kwa hivyo swali lingalipo.

Wenzangu wengi wanataka dirisha lenye vitufe, kama kppp ya watu wa KDE ilivyokuwa. Mwalimu mlezi anapenda wvdial. Mimi, mtoto mbishi, nasema tutumie pppd yenyewe pamoja na chat.

Kumbe hizo mbili za kwanza ni mavazi tu! Modemu ikishajibiwa, zote huiita pppd iongee ile lugha ya PPP na kupewa anwani. SLIP ya mwaka wa 1988 haikujua hata kuomba anwani, ulijiandikia mwenyewe. Basi ikiwa mpishi ni yule yule, mbona nisiingie jikoni?

Sikatai, wvdial ina heri yake. Ukiandika wvdialconf, itaitafuta modemu na kukuandalia faili, nawe uongeze nambari, jina na neno la siri. Siku ya kwanza tuliunganishwa upesi, tukapiga makofi. Ila ina tabia moja: laini ikikatika, hupiga tena bila kuambiwa. Ijumaa moja tuliitwa gwarideni, tukaiacha. Laini ikakatika, ikajipigia, huku mashine ikijipakulia masasisho. Tuliporudi, bando tuliyoichangia shilingi 10 kila mtu ilikuwa imekwisha, na wale wa Kidato cha Nne waliotaka habari za mradi wao wa KCSE wakatukazia macho. Aliyekuwa ameketi kwenye mashine hiyo ni mimi, jamani.

Mtasema tabia hiyo huzimwa kwa mstari mmoja. Kweli kabisa. Lakini nani kati yetu aliujua mstari huo? Faili hatukuiandika sisi. Kwa pppd, kila mstari unauandika kwa mkono wako. Ukiandika maxconnect 1800, simu itakatwa baada ya nusu saa, uwe darasani au gwarideni. Ukiandika idle 300, itakatwa kukiwa na kimya cha sekunde 300. Nayo chat ni mazungumzo matupu: subiri OK, tuma ATDT*99#, subiri CONNECT. Ukijibiwa NO CARRIER, unajua simu haikushika, wala huanzi kulaumu kompyuta.

Si mchezo, nakiri. Nilihangaika siku 3 kwa sababu ya herufi moja tu. Isitoshe, pppd hutaka mamlaka ya msimamizi wa mfumo, kwa hivyo neno la siri na likae kwa mwalimu.

Faili yangu, yenye mistari 11, nimeibandika ukutani kando ya ratiba. Anayependa wvdial alete yake Ijumaa, tuzipime kwa bando moja.