Kanuni mpya ya ujenzi ianze kazi kwenye ramani, si baada ya paa kuezekwa

Tangu Machi 1, 2025, ujenzi nchini Kenya umekuwa chini ya Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024, iliyochukua mahali pa kanuni za mwaka wa 1968. Mjadala mwingi kuihusu umekuwa juu ya majumba yanayoporomoka na kuua watu, na hilo ni haki. Hata hivyo, kuna gharama nyingine isiyopigiwa kelele, ambayo mkazi wa nyumba mpya huilipa kila mwezi kwa miaka mingi: gharama ya kupata maji moto Nairobi na hewa baridi Mombasa.

Serikali iliwahi kulishughulikia suala hili ikaambulia patupu. Mwaka wa 2012 zilichapishwa kanuni, chini ya Sheria ya Kawi ya 2006, zilizotaka kila jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya maji hayo kwa nguvu za jua. Majengo yaliyokuwapo yalipewa miaka mitano kutimiza agizo hilo. Wenye nyumba walilalamikia gharama, muda ukayoyoma, na hatimaye kanuni hizo hazikudumu.

Ni rahisi kuwatupia lawama mabwanyenye wa nyumba za kukodisha. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa imepinda tangu mwanzo. Mwenye ploti ndiye anayetakiwa kununua mtambo wa sola, ilhali mpangaji ndiye anayelipa umeme. Landilodi hapati hata senti kwa kuokoa tokeni za mpangaji wake. Naye mpangaji hawezi kufunga mtambo wa bei ghali juu ya paa lisilo lake, katika nyumba ambayo huenda akaihama ifikapo Desemba. Matokeo yake ni shawa za umeme zinazofungwa na mafundi wasio na leseni, aghalabu bila waya wa kupeleka umeme ardhini, na watu kurushwa na stima wakiwa wanaoga. Kwa wasiomudu hata shawa hizo, kila msimu wa baridi huleta visa vya familia kuuawa na hewa ya sumu kutoka jiko la makaa lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa.

Fauka ya hayo, kanuni hizo ziliwapata wengi nyumba zikiwa zimekwisha kujengwa. Tangi la lita 300 likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 300, na mbao za paa zilizokadiriwa kubeba mabati pekee haziwezi kulihimili bila kuimarishwa. Bomba la maji moto nalo lisipopitishwa ukutani mapema, itabidi vigae vya bafu vibomolewe. Kazi ambayo kwenye ramani ni mistari michache ya kalamu hugeuka kuwa ujenzi wa pili.

Pwani hadithi ni hiyo hiyo, ila mashine ni nyingine. Waliojenga Mji wa Kale wa Mombasa na ule wa Lamu walitumia kuta nene za matumbawe, dari za juu na vichochoro vyembamba vyenye kivuli mchana kutwa. Siku hizi tunajenga kuta nyembamba, tunaweka vioo vipana vikitazama magharibi, kisha tunanunua kiyoyozi kupigana na jua tulilolikaribisha wenyewe. Katika nchi iliyo kwenye ikweta, jua la asubuhi na la alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi likiwa chini sana, hata upenu usiweze kulizuia. Madirisha yakielekea kaskazini na kusini, upenu mfupi watosha. Ploti ikiruhusu, uamuzi huo hauongezi gharama yoyote. Jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri mwaka wa 2011 lilichorwa kwa fikra kama hizo, likategemea hewa inayopita yenyewe badala ya viyoyozi. Kweli, Gigiri si Kisauni, na penye joto la Kisauni huenda mashine ikahitajika. Hapo mnunuzi na atazame nyota za kibandiko cha matumizi ya umeme kilichowekwa na kanuni za 2016. Aepuke pia mashine kuukuu za gesi ya R-22, ambayo chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha kuitumia katika mashine mpya ifikapo 2030.

Je, nani atayasimamia haya? Ramani za nyumba huidhinishwa na serikali za kaunti, nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wanakandarasi na kukagua maeneo ya kazi. Afisa anayeipiga muhuri ramani angeweza kuuliza maswali matatu tu: madirisha yanaelekea wapi, tangi la maji moto litakaa juu ya nini, na mabomba yake yatapita wapi. Kisha mkaguzi afike kabla ya plasta kupakwa, kwani baada ya hapo hakuna awezaye kuona kilichomo ukutani.